Maji Yaliyotokota

Kama kuna kitu ambacho Nahashon Mwirigi alikiamini baada ya Mungu, ni maji yaliyotokota. Si maji ya moto tu, wala maji yaliyoanza kutoa mvuke ule wa kudanganya watu. Yaliyotokota hasa, mapovu yakipigana juu ya sufuria na mtu mzima amesimama kando kuhakikisha. Alikuwa afisa wa afya ya umma kule Meru mpaka alipostaafu. Kipindupindu kilipoingia vijiji vya chini, alivizunguka kwa pikipiki ya serikali akiingia jikoni mwa watu bila hodi na kufunua masufuria yao. Watu walimchoka, tena sana. Lakini watoto wao walipona, na wapo vijana kule wanaoitwa Nahashon kwa ajili hiyo.

Mkewe, Jemimah, aliishi na imani hiyo tangu siku ya harusi. Nahashon hakujua kusema maneno matamu; ukimwambia aseme anakupenda atakuuliza kwani umesikia nini. Lakini katika nyumba yake mke hakuwahi kunywa maji ambayo yeye mwenyewe hakuyachemsha, akayapoza, akayafunika. Jemimah alikuwa amesoma mapenzi yake humo na kuridhika.

Kisha binti yao Nkirote akawaleta Toronto, kwenye ghorofa refu huko Etobicoke, na bomba la jikoni likammaliza mzee. Hapa maji ya bomba hunywewa vivyo hivyo. Majuma ya kwanza alichemsha tu kama kawaida, hadi Nkirote alipomwambia kwa upole, "Dad, hakuna haja. Hii maji iko sawa. Unamaliza tu stima." Akaacha. Baada ya hapo hakuwa na kazi. Alikaa dirishani akitazama malori ya barabara kuu, shati amelifunga mpaka kifungo cha juu, na Jemimah akawa anamwona akipungua ndani ya shati hilo. Ilimuuma kuliko alivyoweza kumweleza mtu yeyote. Hata kanisani, walikojaa Wakenya na Wakongomani, watu walimsalimu kwa heshima, wakamletea kiti, kisha wakamsahau hapo kitini.

Mwezi wa nane Nkirote na mumewe, Cliff, walikodisha nyumba kando ya ziwa, mwendo mrefu kaskazini mwa jiji, ili wazee wapate hewa. Ziwa lenyewe lilikuwa linaumwa. Pale ufukweni maji yalikuwa ya kijani kizito, kama mtu amemwaga kopo la rangi na upepo ukaisambaza, na harufu yake ilikuwa ya majani yaliyooza ndani ya gunia. Kibao kilikuwa kimepigiliwa kwenye mti. Mwenye nyumba naye alikuwa ametuma ujumbe kwa simu, na Nkirote aliusoma kwa sauti hata kabla hawajashusha mizigo. Ziwa limeota mwani wenye sumu. Msiogelee, msiache mbwa aguse, mkivua samaki msile matumbo yake wala ini lake. Bomba la nyumba linavuta maji kutoka ziwani, kwa hiyo msinywe, msipikie, msipige mswaki, hata yakichemshwa.

Cliff alikwenda garini akaanza kushusha machupa makubwa ya maji ya dukani. Nahashon alibaki amesimama, midomo ameikunja.

"Hata yakichemshwa," akasema. "Hawa watu hawajawahi kuchemsha maji. Wao wanapasha."

Cliff alicheka. Jemimah pia alicheka, na huko mbele angejilaumu kwa kicheko hicho.

Asubuhi ya mwisho maji ya chupa yalikuwa yameisha. Nkirote na Cliff walikwenda mjini kununua mengine pamoja na mkate. Jemimah aliamka kichwa kinamgonga, naye ni mtu ambaye bila chai ya maziwa na tangawizi hafunguki macho. Alisema tu, kwa kulalamika, kwamba angepata chai. Nahashon akasimama. Alisimama kama kijana aliyeitwa na mkuu wa wilaya. Alichukua sufuria, akateremka kwenye gati ya mbao, akaenda mpaka mwisho wake ambako maji yalionekana meupe, na akachota. Alirudi akayachuja kwa leso safi iliyokunjwa mara nyingi. Akayaweka mekoni, akayatokosha, akayatokosha tena, mpaka yakapungua yakabaki nusu.

Jemimah aliyaona yote hayo akiwa mlangoni. Alikuwa amesikia ujumbe ule kama wengine. Angeweza kusema hapana; neno lenyewe ni fupi. Lakini alimwona mumewe mgongo umenyooka na mikono ina haraka, akinung'unika wimbo wa tenzi jikoni, na akanyamaza. Ni nani angemnyang'anya hilo? Chai ilipokuja ilikuwa na harufu ya udongo ambayo tangawizi haikuweza kuificha. Alikunywa kikombe kizima, akaomba kingine, akaomba na kingine, kwa sababu kila alipoomba uso wa mzee uling'aa. Nahashon mwenyewe alionja kidogo tu. Alikuwa na shughuli ya kumimina.

Waliporudi, Nkirote aliuliza, "Mmekunywa nini?" Mzee akajibu, "Tulibakisha maji kidogo kwenye chupa." Uongo mdogo wa mtu asiyetaka maneno.

Njiani kurudi mjini Jemimah alitapika kando ya barabara. Akatapika tena nyumbani, tumbo likamkata, akaharisha hadi akakosa nguvu ya kushika ukuta. Nahashon pia aliharisha usiku huo, kidogo, ila aliufunga mlango wa choo na kufungulia bomba ili asisikike. Macho ya Jemimah yalipogeuka manjano, Nkirote hakungoja. Mama yake alikuwa ameishi na homa ya ini kwa miaka mingi, ini lenyewe lina makovu, na kila daktari aliyewahi kumwona alimwonya kwamba ini hilo halina akiba.

Hospitalini walimlaza. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, na aliuliza maswali yake moja moja huku Nkirote akitafsiri. Amekula uyoga wa porini? Ametumia dawa ya maumivu kupita kiasi? Dawa za mitishamba? Amekunywa au kuogelea kwenye maji ya ziwa?

"No," Nkirote akajibu hilo la mwisho bila hata kumtazama mama. "Tulikuwa na maji ya chupa. I bought it myself."

Jemimah alimtazama mumewe. Nahashon alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, kofia magotini. Hakuinua macho. Chumba kilisubiri sekunde ile ambayo mtu angeweza kusema kitu, kisha daktari akaandika na kuendelea.

Kwa hiyo lawama ikaenda kwenye mitishamba. Nkirote alirudi nyumbani akapekua sanduku la mama yake, akapata magome makavu aliyopewa na dada yake kule nyumbani, akayatupa yote. Alirudi hospitalini na hasira ya mtu anayeogopa. "Mum, uliniahidi. You promised me hautakunywa hizi vitu." Jemimah hakuwa amegusa magome hayo tangu alipofika Kanada, na akainamisha kichwa kama mwenye kosa. Daktari alisema kwamba kama vipimo havitapungua watamwingizia sindano ubavuni wachukue kipande cha ini wakichunguze, na kwa mtu mwenye damu nyepesi kama yake jambo hilo lina hatari zake. Jemimah akakubali. Ndiyo, alikubali kuchomwa ini, mwanamke mwenye akili zake timamu, ili tu mzee mmoja asionekane mjinga mbele ya binti yake. Ukitaka kumcheka mcheke. Yeye aliogopa sindano, aliogopa kufa mbali na kwao, lakini zaidi ya yote aliogopa kuuona uso wa Nahashon siku atakapojua kwamba sufuria yake ndiyo iliyofanya haya.

Muuguzi wa mchana aliitwa Laiba. Alikuwa mwenye maneno mengi na mikono laini, na Jemimah alimwamini. Siku moja alipokuwa akimbadilishia dripu, Jemimah alijikaza na Kiingereza chake akamuuliza, kana kwamba ni habari aliyoisikia tu kwenye televisheni, kwa nini wanasema maji ya ziwa la kijani hayafai hata yakichemshwa. Laiba alimweleza kwa maneno mepesi. Unapochemsha unaua vijidudu, sawa. Lakini sumu yao si kidudu, haifi. Vikipasuka kwa moto vinaimwaga yote majini. Na maji yakipungua kwa mvuke, sumu inabaki ndani ya yale machache. Ukichemsha sana ndiyo unaikoleza.

Jemimah akalala akitazama dari. Alikumbuka maji yakipungua mpaka nusu.

Huenda angekaa kimya mpaka mwisho, na hadithi hii ingekuwa ya watu wawili tu na siri yao. Lakini kesho yake alikuja Cyriaque, Mkongomani anayeongoza vijana wa kanisa, mtu wa kucheka kwa sauti hata wodini. Alisali, akampa pole, kisha akamgeukia Nahashon na kumshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Mama, lazima ujue huyu Papa ametusaidia sana. Siku ya posho tunapeleka batoto kwenye kambi, kule karibu na lile ziwa. Wenye kambi wametuandikia ati maji iko na mwani, tubebe machupa. Gari mzima ya machupa! Papa akasema hapana, yeye ni mtu wa afya, atakuja yeye mwenyewe kuchemsha maji yote. Wazazi wamefurahi. Tumemuweka kuwa responsable wa maji."

Siku ya posho kwa Wakongomani ni Jumamosi. Nahashon alitabasamu. Alikuwa amevaa tai. Jemimah hakuwa amemwona na tai tangu uwanja wa ndege, na aliitazama tai hiyo. Watoto wale aliwajua kwa majina. Aliwafundisha nyimbo za Kiswahili Jumapili, ingawa walimjibu kwa Kiingereza.

Cyriaque alipoondoka, alimwita mumewe akae kitandani karibu naye.

"Baba Nkirote, hao watoto usiwachemshie maji ya ziwa."

"Unanifundisha maji, Mama Nkirote?"

"Ile chai ndiyo iliyonilaza hapa."

"Nilichemsha. Uliniona kwa macho yako."

"Nilikuona."

"Hakuna mdudu anayestahimili vile nilivyochemsha. Hakuna. Ni hayo magome ya dada yako."

"Magome sijayagusa, na unajua." Alikuwa akihema, kuongea kulimchosha. "Kule nyumbani, ni wewe uliyekataza watu kuchotea maji kwa mitungi iliyokuwa na dawa ya kunyunyizia kahawa. Nyanya ya akina Kirimi akaja akakwambia mtungi wake ameuosha, na tena maji yake atayachemsha. Ulimjibu nini?"

Mzee alitazama mikono yake, ile mikono mikavu yenye mishipa, akaigeuza.

"Nilimwambia sumu haichemshwi," akasema.

"Haya basi."

Hakulia. Angalau angelia Jemimah angejua la kufanya. Alikaa tu, mabega yakizama, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kwa hiyo ni mimi niliyekupa." Jemimah alimshika mkono. Alitaka kumwambia kwamba yeye pia alijua, kwamba alikunywa akijua, lakini akaishia kuupapasa mkono huo.

"Usiwaambie," Nahashon akasema. "Nitasema mwenyewe. Nitampigia Cyriaque."

"Leo?"

"Leo."

Hakupiga simu. Hakupiga siku hiyo wala iliyofuata, na kila Jemimah alipomtazama, alijifanya anarekebisha blanketi. Hatimaye Ijumaa jioni Cyriaque alipitia wodini kuagana, gari likiwa tayari limepakiwa mahema. Nkirote alikuwepo, ametoka kazini moja kwa moja. Cliff alikuwa mlangoni na vikombe vya kahawa. Nahashon alikuwa kwenye kiti chake, tai shingoni.

"Papa, kesho asubuhi tunakupitia," Cyriaque akasema. "Kuna kitu bado?"

Jemimah alijiinua kwa viwiko. "Baba Nkirote, una neno la kumwambia Cyriaque."

Nahashon alimtazama mkewe. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwomba kitu kwa macho namna ile, na Jemimah alielewa anachoombwa. Alimpa nafasi. Alimngoja kwa moyo wake wote, akimsihi kimoyomoyo: sema, mwanamume, sema wewe, usiniache niseme mimi.

"Ndiyo," Nahashon akasema. "Mbebe sufuria mbili kubwa. Moja haitatosha."

Hapo ndipo Jemimah alipomchukia. Ilikuwa kwa kitambo kidogo tu, lakini ni chuki kweli, tusiipake sukari.

"Cyriaque," akasema, "maji yaliyonilaza hapa yalikuwa ya lile ziwa. Mume wangu aliyachemsha mpaka yakabaki nusu, na mimi nikayanywa. Beba machupa. Na watoto wasitie hata mguu mle majini."

Kahawa ilimwagikia kidole cha Cliff na hakupangusa. Nkirote alimgeukia baba yake, kisha mama yake, kana kwamba hajui aanzie wapi.

"They asked you," akasema. "Mum, walikuuliza. Nilikuwa nimesimama hapa! Walikuwa wakuchome sindano kesho kutwa, na nyinyi wote wawili mnajua?" Sauti ikakatika, akakimbia kumtafuta daktari.

Sindano ikafutwa. Hilo lilikuwa jema. Lakini daktari alieleza kwamba sumu hiyo haina dawa ya kuifukuza. Wangemshikilia kwa dripu na kungoja ini lijitetee lenyewe, kwa kiasi kilichobaki. Laiti wangelijua siku ya kwanza wangeacha kupoteza muda kwingine. Hakusema kwa ukali. Cyriaque alikuwa ameshatoka nje kupigia wazazi simu, na kambi ikaenda na gari zima la machupa, na watoto wote wakarudi salama, wameumwa na mbu tu.

Nahashon hakugombana na mtu. Alivua tai, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, akatoka. Cliff alimfuata baadaye akamkuta kwenye kituo cha basi mbele ya hospitali, akiyaacha mabasi yapite.

Kanisani hakuna aliyemsema vibaya. Afadhali wangemsema. Walimhurumia, wakamwambia ni bahati mbaya, mzee, usijali, na huruma ni kitu kigumu kumeza kwa mtu aliyewahi kuogopwa katika kila jiko la tarafa. Akaacha kwenda.

Jemimah alirudishwa nyumbani majani yalipoanza kuanguka. Alikuwa mwepesi kama fagio, na ini lake, kwa maneno ya daktari, halitakuwa tena hata lile la zamani. Kila baada ya muda atarudi kupimwa, na ipo siku vipimo vitakuja na habari nyingine. Nahashon alimtandikia kitanda, alimshika kwapa akienda chooni, alimsomea Zaburi. Jikoni hakuingia. Chakula kilipashwa na Nkirote au Cliff, na yeye alikula chochote alichowekewa.

Mchana mmoja walikuwa wawili tu. Jemimah aliamka ulimi umemkauka.

"Nipe maji, Baba Nkirote."

"Nkirote atakuja."

"Nkirote anakuja jioni. Nina kiu sasa."

Alisimama mlangoni mwa jiko muda mrefu. Kisha Jemimah akasikia bomba likifunguliwa, likitiririka na kutiririka, zaidi ya glasi, zaidi ya ndoo. Alirudi na glasi ameishika kwa mikono miwili. Jemimah akanyoosha mkono.

Hakumpa. Aliipeleka mdomoni mwake mwenyewe akanywa nusu, akavuta kiti akaketi mbele yake, glasi juu ya goti.

"Unangoja nini?" Jemimah akauliza.

"Ngoja kidogo," Nahashon akasema. "Tuone kwanza."

Jemimah alimwambia ni maji ya bomba tu, maji ambayo mji mzima unakunywa. Nahashon aliitikia kwa kichwa, na hakuinuka. Basi akaurudisha mkono wake chini ya blanketi, akangoja pamoja naye.